Misukule wa Rafaeli

Rafaeli wa Kibaoni alianza vita uzeeni, umri ambao wenzake walikuwa wameacha hata kugombana na wake zao. Hakwenda mbali. Alipigana barazani kwake, kwenye kigoda, miguu kaipeleka juani, simu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga asichotaka kimponyoke.

Simu ilikuwa ya binti yake Upendo, muuguzi wa Sumbawanga. Alikuja nyumbani baada ya msiba wa mama yake, Suzana, akamkuta baba yake anazungumza na mbuzi. Rafaeli hakuona aibu. Mbuzi wale walimsikiliza, na walipochoka walikuwa na adabu ya kuondoka polepole. Lakini Upendo aliogopa. Siku ya kurudi kazini alimwachia simu yake ya zamani, na ndani ya simu gemu la vita. Wanajeshi wanne upande huu, wanne upande ule. Mnateka kilima, mnalinda daraja, mnabeba masanduku ya risasi, na asiye na mpango anakufa mapema.

Rafaeli hakuwa mgeni wa kujifunza. Kusoma alijifunza kwa karatasi za magazeti zilizofungia sukari dukani, ndiyo maana maisha yake yote alijua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache. Gemu halikumshinda. Kilichomshinda ni watu.

Mara ya kwanza aliunganishwa na vijana wa huko kwenye mtandao, na sauti zao zikasikika simuni. Mtu aliyelelewa huku kwetu Mpimbwe hawezi kuingia kwenye kundi la watu na kuanza kazi kama mwizi. Rafaeli akasafisha koo.

"Hamjambo wenzangu? Mimi ni Rafaeli, niko Kibaoni. Huku kwetu tunamshukuru Mungu, mvua ilichelewa lakini mpunga..."

Kabla hajafika kwenye mpunga alikuwa amekwisha pigwa risasi.

"Oya, nani kaleta babu humu?" ilisema sauti moja, na ilikuwa ya upande wake mwenyewe. "Mzee unazingua! Piga kwanza, salamu baadaye."

"Salamu ya baadaye ni ya mazishi, mwanangu," alijibu Rafaeli.

Wakacheka, kisha wakamtoa kwenye kikosi. Alimpigia Upendo simu kumshitakia.

"Basi baba, zima data, cheza na boti."

"Boti? Niende ziwani?"

"Siyo boti za kuvulia. Ni watu wa mashine. Simu yenyewe inakupa wenzako watatu. Unawaamuru, wanakwenda. Hawachoki, hawatukani."

"Na salamu?"

"Hawasalimii."

"Basi ni vijana wa kawaida tu," alisema Rafaeli, akazima data.

Watu wa mashine walimpendeza tangu mwanzo. Akigusa kilima, wanapanda kilima. Akigusa daraja, wanalala chini na kulilinda mpaka awaondoe, hata kama adui amekwisha kwenda kwao. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Alimpa amri wa kwanza, naye akaitikia, "Roja!" Rafaeli akakariri jina lake. Akampa amri wa pili. "Roja!" Wa tatu naye, "Roja!"

"Baba gani huyu," aliwauliza mbuzi, "aliyezaa watatu akaishiwa majina?"

Hilo halikuwezekana. Ukisema Roja panda, wapande wangapi? Akachokonoa simu siku mbili tatu mpaka akapata mahali pa kubadilisha majina. Akawabatiza upya: wa kwanza Zefania, wa pili Lyamba, wa tatu Polycarpe.

Hayo majina hakuyaokota njiani.

Zamani, kabla ya kila mtu kuwa bize, Rafaeli, Zefania, Lyamba na Polycarpe walikuwa kiini cha kundi la mwaliko. Ukitaka kulima au kuvuna, mkeo anapika pombe ya ulezi, unapita nyumba kwa nyumba kualika, na asubuhi unakuta watu wamekutangulia shambani kwako. Leo kwako, keshokutwa kwangu. Rafaeli ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Alikuwa na sauti ya kuvuka majaruba saba ya mpunga, na akiitupa, majembe yote yanashuka pamoja. Zefania alichelewa kila siku na kila siku alikuwa na sababu mpya. Lyamba alibeba magunia kama anabeba mito ya kulalia. Polycarpe alikuwa mbishi: ukimwambia kata kulia anauliza kulia kwa nani.

Zefania alikufa, Lyamba naye akafuata. Polycarpe hakufa, alifanya jambo ambalo kwa Rafaeli lilikuwa baya zaidi. Alinunua pawatila. Mashine ile ililima peke yake, haikunywa pombe, haikuhitaji wimbo, na kelele zake zilimtosha kila mtu. Watu wakaacha kualikana, wakawa wanaikodi. Rafaeli akaacha kupita mbele ya nyumba ya Polycarpe, na Polycarpe akaacha kuuliza kwa nini. Kutoka mlango mmoja mpaka mwingine ni mfereji na migomba michache tu, lakini wazee wawili wanaweza kuufanya mfereji upanuke.

Sasa Rafaeli alikuwa na kundi lake tena, katika kioo kidogo kuliko kiganja. Zefania wa mashine alikuwa wa kwanza kufika kila mahali, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kufa. Rafaeli alicheka mpaka machozi: marehemu angejua! Lyamba alibeba masanduku vizuri kama mwenye jina. Polycarpe alikuwa na ugonjwa wake. Akikuta ukuta hazunguki. Anatembea palepale, anaukanyaga upepo, pua kwenye tofali, mpaka aje kuokolewa. Na Rafaeli hakuwahi kujua kuamuru kwa kunong'ona.

"Polycarpe! Toka hapo ukutani! Beba huo mzigo, upesi! Ah, Polycarpe kafa tena. Lyamba, mwinue Polycarpe aendelee na kazi!"

Sauti ya kuvuka majaruba saba.

Mwaka huo mpunga wake uliiva vizuri, na hapo ndipo shida ilipokaa. Mpunga ulioiva haukai kumsubiri mtu. Kwelea kwelea wanaona kabla yako, upepo unapukutisha, na majaruba ya Rafaeli yalikuwa makubwa kwa mtu mmoja mwenye magoti yake. Mpunga huo ndio ugali wake, chumvi yake na nauli ya kwenda kumwona Upendo. Akaamua kualika kama zamani. Alipika togwa mwenyewe, maana Suzana hakuwepo, akapita nyumba kwa nyumba.

"Tutaangalia, mzee," walisema wengine.

"Ungenitumia meseji tu, babu, usingetembea jua lote hili," alisema mmoja, kwa heshima kabisa.

Kwa Polycarpe hakuingia. Asubuhi ya siku aliyoalika, alikaa kwenye tuta la jaruba na ndoo ya togwa mpaka togwa ikaanza kuchacha. Hakuja mtu. Akarudi nyumbani, akaketi kigodani, akafungua simu, akawapeleka vitani wale ambao wangekuja.

Mchana huo ndipo Fausta, mke wa Polycarpe, alipopita nyuma ya nyumba akitafuta kuku wake. Alisikia jina la mumewe. Akasimama.

"Polycarpe, beba! Usipumzike! Polycarpe kafa. Mwinueni. Zefania, Lyamba, twendeni, hakuna kulala!"

Fausta hakumtafuta tena kuku. Miezi mingi mumewe alikuwa akiamka amechoka, mgongo umemkaza, mikono inatetemeka. Ni kweli alishinda kutwa nzima akirushwarushwa na pawatila, lakini mashine ni maendeleo na maendeleo hayaumizi mgongo wa mtu. Sasa alipata sababu yenye akili. Mtu anayeamka amechoka ni mtu ambaye kivuli chake kimelimishwa kwingine. Na wawili wale wengine walioitwa, si walikuwa makaburini? Rafaeli ana misukule.

Maneno ya namna hiyo hayahitaji mwaliko wala pombe. Yalifika kila nyumba siku ileile. Jumapili kigangoni, benchi alilokaa Rafaeli lilibaki lake peke yake, pana kama kitanda cha hospitali. Vibarua aliokwenda kuwabembeleza waliangalia chini.

"Mzee, sisi tuna watoto," alisema mkubwa wao. "Kuvuna bega kwa bega na watu tusiowaona, hapana."

"Watu gani?"

"Wewe unawajua, mzee wetu."

Rafaeli alielewa alipokuwa njiani kurudi, akakaa chini kwenye majani. Alikuwa ameishi miaka mingi ya kutosha kujua mzee mpweke akiitwa mchawi hadithi huishia wapi. Wengine hufukuzwa, na hao ndio wenye bahati. Na mpunga unapukutika.

Mwenyekiti wa kitongoji, Martin, hakutaka mambo yafike huko. Aliitisha watu wakutane kwa Rafaeli mchana kweupe. Wakaja wote. Walikuja walioalikwa na wasioalikwa, wenye mgongo mbovu na wenye kazi zisizoahirishika, mpaka Rafaeli akaishiwa mabenchi na watu wakakaa kwenye kinu. Tangu mazishi ya Suzana uwanja ule haukuwahi kuona miguu mingi namna hiyo.

"Karibuni," alisema Rafaeli. "Mngekuja hivi juzi mkiwa na mundu, leo tungekuwa tunapura."

Hakuna aliyecheka. Polycarpe alikuwa amekaa mbele, kajifunga shuka kama mgonjwa, na Fausta kamshika bega asije akachukuliwa tena.

"Mzee Rafaeli," alianza Martin, "hapa kuna malalamiko. Unasikika ukimwita mzee Polycarpe na marehemu wawili, ukiwapa kazi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Uwanja ukaguna.

"Wako wapi?"

"Humu." Akatoa simu kifuani.

Fausta akapiga yowe. "Mmesikia? Mume wangu yumo ndani ya simu!"

"Shemeji, ni gemu."

"Gemu gani linalomchosha mtu mgongo?"

Martin akamwita mwalimu Generosa, aliyefundisha Kiingereza shuleni, aje asimame karibu na kusoma kinachoandikwa. Rafaeli akawasha. Vichwa vikajaa juu yake mpaka kioo kikawa giza. Ikabidi waambiane wasogee. Wakaona kilima, wakaona daraja, wakaona wanajeshi watatu, na juu ya kila kichwa jina.

"Zefania anakimbia?" alishangaa mtu. "Zefania yule marehemu?"

"Ndiyo maana nikajua si yeye," alisema Rafaeli.

Hapo mtu mmoja akacheka, kisha akajuta.

Polycarpe alikuwa amefungua shuka na kuinama. "Mimi niko wapi?"

"Yule pale."

Pale palikuwa na ukuta wa matofali, na kwenye ukuta mwanajeshi aliyetembea bila kwenda.

"Anafanya nini?"

"Anabishana na ukuta."

Kicheko kilitoka pande zote na hakikuweza kurudishwa. Polycarpe hakucheka. Alimtazama mwanajeshi kwa muda, kisha akauliza kwa uchungu wa kweli, "Mbona Lyamba ana bunduki kubwa kuliko yangu?"

"Wee mzee, hapa unashitaki au unaomba silaha?" alisema Martin.

"Nauliza tu! Lyamba alikuwa hajui hata manati."

"Anatakiwa amwachie," alisema Fausta, naye hakutaka kuchekeshwa. "Amtoe humo, leo, sote tukiona."

Lilikuwa jambo jepesi. Rafaeli akabonyeza panapofutwa jina. Kioo kikaleta maneno, na mwalimu Generosa akayasoma kwa uaminifu wa kazi yake.

"Inauliza: una uhakika unataka kumwondoa Polycarpe kabisa? Akiondolewa hawezi kurudi."

Kicheko kikakatika. Kuku alipita katikati ya watu, kila mtu akamwangalia kuku.

"Asibonyeze!" Fausta alimrukia Rafaeli mkono. "Jamani, asibonyeze!"

"Lakini umesema nimwachie."

"Umwachie, siyo umwondoe!"

"Ni jina tu, mama," alisema mwalimu.

"Mwalimu, wewe ungekubali liandikwe lako?"

Mwalimu Generosa, ambaye alikuwa amesoma mpaka chuo, akasema labda wasubiri. Pakawa hapana njia. Akiachwa ndani, Rafaeli anafuga msukule. Akifutwa, Rafaeli ameua. Nyuma vijana walianza kunong'ona vibaya, na mmoja akasema kwa sauti kwamba nyumba hii ya nyasi inawaka upesi. Rafaeli alisikia.

Ni Polycarpe aliyeinuka. Aliinuka kwa shida, mkono kiunoni, akalitazama kundi lote kwa ule ubishi wake wa kuuliza kulia kwa nani.

"Nyie," alisema, "mmepita njia ipi kuja hapa?"

"Njia ya majarubani," alijibu mtu.

"Mpunga wa Rafaeli mmeuona?"

"Tumeuona."

"Ukoje?"

"Unaanguka."

"Unaanguka! Ndege wanakula, unaanguka. Mimi niko humo, Zefania yumo, na Lyamba, ng'ombe wa kazi yule. Tuko watatu, hatulali, hatuli, tunapigwa na kuinuliwa. Halafu mpunga wa mwenye mali unaanguka? Mchawi gani huyu? Kama ni mchawi, basi ni mchawi mpumbavu, na mpumbavu hachomewi nyumba, anasaidiwa."

Watu wakatazamana. Hoja ilikuwa nzito. Wengi walianza kuona haya, si kwa kumshuku Rafaeli, bali kwa kumshuku bila kuangalia shamba lake. Hivyo ndivyo mtu alivyookolewa Kibaoni: kwa kushuhudiwa mbele ya umma kwamba hana hata mmoja wa kumsaidia. Zamani hiyo ilikuwa fedheha. Siku hizi ni ushahidi.

"Na hilo jina?" alisisitiza Fausta.

"Halifutwi," alisema Polycarpe. "Libadilishwe. Ampe jina lake mwenyewe. Ajitume mwenyewe, ajikemee mwenyewe, akifa ajiinue."

Rafaeli akabadilisha, mwalimu akasimamia tahajia. Yule wa ukutani akawa Rafaeli. Martin akamwambia ampe amri mbele ya watu, waone kama yeyote ataumwa. Rafaeli akagusa kilima.

"Roja!" ilisema simu.

"Nani tena huyo?" Fausta alishituka. "Ana na Roja humo?"

"Wote wanasema hivyo," alisema Rafaeli. "Nilidhani ndilo jina lao."

"Si jina, mzee," alisema mwalimu Generosa. "Ni lugha ya wanajeshi. Maana yake nimekusikia."

Rafaeli akaduwaa. Miezi yote ile. Aliwatazama watu waliokuwa wanaanza kuinuka, wakikung'uta nguo, wakikumbuka kazi zao.

"Sasa kwa kuwa tuko hapa," alisema, "kesho asubuhi navuna. Nawaalika."

"Tutaangalia, mzee," walisema, na hawakuwa na ubaya hata kidogo. Walimpa mkono mmoja mmoja. Wakaondoka.

Asubuhi aliingia jarubani na mundu wake, akaanza pembeni, mahali ndege walipokuwa hawajamaliza. Vibarua walikuwa wamekwisha ajiriwa kwingine. Alikata fungu, akalaza; akakata fungu, akanyooka kushika kiuno. Jua lilipokolea alisikia mtu anapiga chafya. Polycarpe alikuwa anavuka mfereji, mundu mkononi na kigoda kwapani.

"Umekuja na kigoda kuvuna?"

"Mgongo," alisema Polycarpe. "Ile mashine inatikisa, bwana. Usimwambie Fausta, yeye anataka iwe wewe."

Alikata kidogo, mafungu matatu au manne, kwa mbwembwe, akikosoa makali ya mundu, udongo, aina ya mbegu. Kisha akaweka kigoda juu ya tuta, akakaa, akamimina togwa ya Rafaeli, akakunja uso.

"Imechacha."

"Ilikuwa ya siku ya mwaliko."

Polycarpe akainywa hivyo hivyo. Alikaa akitazama mpunga, ndege, mgongo wa mwenzake ukiinama na kuinuka. Halafu kero zake zikamrudia.

"We Rafaeli! Unakata vibaya. Anzia kulia."

Rafaeli hakugeuka. Alijua kabisa kwamba shamba halitaisha, kwamba nusu ni ya ndege, na kwamba aliyekuja ni mmoja, tena amekaa.

"Kulia kwa nani?"

"Kulia kwangu mimi niliyekaa! Hujanisikia?"

Rafaeli akahamia kulia, akainama, akashika fungu la mabua kwa mkono wa kushoto.

"Roja," alisema, akakata.